Kutu ilisafiri, garanti ilibakia kwao

Bandugu vijana wa Kamina, na ninyi wote wenye munatusoma ku Lubumbashi, ku Kolwezi na mbali zaidi,

Leo hatutasema juu ya uchaguzi wala juu ya umeme. Tutasema juu ya chuma yenye iko chini ya gari, pale mununuzi haangalie na pale gari yote inategemea. Mafundi wanaiita shasi. Tutasema tena juu ya neno moja yenye tunaisikia tu ku matangazo: garanti. Tulilipa shule ya hii mambo na feza yetu wenyewe, na hatutaki mulipe mara ya pili.

Sisi tuko saba. Wote tulimaliza iniversite, wote tuko na diplome, na hakuna hata mumoja mwenye mushahara. Tulipeleka madosie mpaka viatu vikaisha. Siku moja tukasema: basi. Mahindi iko Kaniama, samaki iko Bukama, mihogo iko Kabongo, na watu wenye njaa wako hapa mu muji. Gari-moshi inafuata reli yake, haiingie mu shamba ya mutu. Kitu kinakosa ni kamioneti moja ya kutoa magunia kule yanalala.

Kila mumoja wetu akaleta dola 400. Ile ilifanya 2,800. Bamama wa soko wenye wanacheza likelemba na mama ya mwenzetu walitukopesha 2,500. Yaya wa mwenzetu mwingine, mwenye anafanya kazi ku migodi, alitupa 1,500 na akasema tumurudishie pole pole. Jumla dola 6,800. Na ile feza tulienda kununua gari ku muji mukubwa, kwa muuzishaji mwenye hatutataja jina. Alama ya gari pia hatutaitaja. Tuko tunaandika juu ya namna biashara inatembea, hatuandike juu ya kisasi.

Gari ilikuwa nyeupe, mutumba kama zote. Usukani ulikuwa upande wa kushoto, sawa vile inaomba ku barabara zetu. Motere ilikuwa inaimba. Tuliinama chini, tukaona yote imepakwa rangi nyeusi mupya, inangaa kama kiatu cha padri siku ya Noeli. Tukafurahi. Tukaambiana: «Huyu mwenye gari alikuwa mutu wa kutunza vitu.»

Ilitembea miezi mitatu bila shida. Mwezi wa ine, ku barabara ya kutoka Kaniama, na magunia 18 ya mahindi na watu wane juu yake, tulisikia mulio kama tawi kubwa linavunjika. Gari haikuanguka. Ilikaa tu kama ng'ombe mwenye kuchoka. Pale kati ya kabini na karoseri, nafasi yenye ilikuwa ya kidole moja ilikuwa sasa ya mukono muzima. Watu wane walishuka pole pole, mumoja alikuwa na mutoto mugongoni. Hakuna mwenye alikufa. Tunaandika ile sentensi kwa shukrani, juu ingeweza kuandikwa namna ingine.

Fundi alikuja na nyundo. Hakufungua kitu. Aligonga tu, kuanzia mbele kwenda nyuma. Mbele chuma ilijibu vizuri, sauti ya kengele. Juu ya ekseli ya nyuma ikajibu «pu», kama mutu anagonga katoni. Rangi nyeusi ikaanguka pamoja na maganda ya kutu, maganda juu ya maganda, kama kitunguu. Akaingiza kidole gumba ndani ya shasi. Kikapita mpaka upande mwingine.

Akatuambia: «Batoto yangu, hii shasi ilikufa zamani. Ninyi hamukununua gari. Mulinunua rangi.»

Tulimuuliza kutu ya namna ile ilitoka wapi. Kamina iko mbali sana na bahari. Mvua iko, ndiyo, tangu mwezi wa kumi mpaka mwezi wa ine, lakini tuko na gari za zamani sana hapa zenye shasi yao iko nzima. Jibu tuliikuta mu gari yenyewe: karatasi za zamani chini ya kiti zilionyesha kama ilikuwa inatembea mu inchi moja ya Ulaya yenye theluji. Kule, wakati wa baridi, wanamwanga chumvi ku barabara ili barafu iyeyuke na watu wasiteleze. Ile maji ya chumvi inarukia chini ya gari, inaingia ndani ya shasi yenye iko kama sanduku refu, inachanganyika na matope, inabakia pale. Chumvi inavuta unyevu na inaharakisha kutu. Kutu inaanza ndani, inakuja inje, na siku unaiona inje, ndani imekwisha kula. Ukipaka rangi juu, umefunga tu mulango na mwizi iko ndani.

Ona sasa ile njia. Gari za Japani na za Uingereza ziko na usukani upande wa kuume. Gari zenye usukani wa kushoto, zenye zinafaa kwetu, nyingi zinatoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na pale kuna inchi nyingi za theluji na chumvi. Kwa hiyo gari yenye kuwa na usukani muzuri kwetu inaweza kuwa njo ile yenye kuwa na shasi mubaya. Hakuna mutu alituambia ile.

Usiku mumoja tulinunua megabaiti, tukakaa saba kuzunguka simu moja, tukatafuta: watu wengine wenye shasi yao ilioza walifanya nini? Na pale tukakuta hadisi ya Marekani. Inaomba muisikie yote.

Kule, kamioneti za Toyota zenye zinaitwa Tacoma zilianza kuoza shasi. Zingine zilikuwa zimefanywa tangu mwaka 1995. Watu wenye gari walilalamika, wakapiga picha, wakaandika barua. Mwaka 2008, kwa Tacoma za miaka 1995 mpaka 2000, Toyota ilirefusha garanti ya kutu ya shasi mpaka miaka 15, bila kuhesabu gari ilitembea kilometa ngapi. Gari yenye ilikutwa imeoza zaidi, kampuni iliinunua tena kwa mwenyewe, kwa bei ya soko mara moja na nusu. Soma tena: mutu alirudisha gari yenye kuoza, akapewa feza kupita bei ya gari nzima.

Mwaka 2009 kampuni iliita pia Tundra za 2000 mpaka 2003 zenye zilikuwa ku majimbo ya theluji, zaidi ya 100,000, juu kutu iliweza kuangusha gurudumu la akiba mu barabara. Mwaka 2011, Dana, kampuni yenye ilikuwa inatengeneza shasi za Tacoma fulani, ilikubali kulipa Toyota dola milioni 25 juu ya ile kutu. Kwa hiyo hata Toyota yenyewe, wakati iliona hasara, haikusema «ni mapenzi ya Mungu». Ilienda kwa mwenye aliifanyia shasi, ikadai.

Kisha ikaja kesi kubwa. Wenye gari wengi walijiunga mu kesi moja mbele ya tribinali ya California. Mwezi wa kumi na moja 2016 mapatano yalitangazwa: gari karibu milioni 1.5, Tacoma za 2005 mpaka 2010, Tundra za 2007 na 2008, Sequoia za 2005 mpaka 2008. Bei yote ilihesabiwa kufika karibu dola bilioni 3.4. Toyota ilikana kama ilifanya kosa, lakini ilikubali mapatano. Gari iliangaliwa bure. Kama shasi ilikuwa na tundu la milimita 10 ao zaidi, kampuni ilitia shasi mupya, mpaka miaka 12 tangu siku gari iliuzishwa mara ya kwanza. Ile kazi ya kuinua kabini, motere na ekseli na kuviweka ku shasi ingine ilihesabiwa karibu dola 15,000 kwa gari moja. Mwenye gari hakulipa. Na mwenye alikuwa amekwisha kulipa mwenyewe aliweza kuomba arudishiwe.

Milimita 10. Ni tundu lenye kidole kidogo kinagusa tu. Kwetu kidole gumba kilipita, na hakuna mutu alituletea hata bulo moja ya bure.

Hatusemi gari yetu ilikuwa moja ya zile. Tunasema hivi: kutu ni ile ile, chumvi ni ile ile, na mutu mwenye anakaa juu ya magunia iko na mifupa sawa na mutu wa California. Tofauti iko fasi ingine. Kule garanti ilifuata gari hata kama iliuzishwa mara tatu. Lakini siku gari inapanda meli, garanti inashuka. Kutu inasafiri mpaka Kamina, garanti inabakia kwao.

Watu wa biashara watatuambia: ninyi mulinunua gari nzee, bei ya chini, sasa munataka nini? Tunajibu. Uzee tuliona, na tuliulipia bei ya uzee. Kiti kilipasuka, tulikubali. Kiyoyozi hakifanye kazi, tulicheka tukafungua dirisha. Lakini ile rangi nyeusi haikuwekwa kwa kupendeza macho. Iliwekwa ili tusione. Uzee tuliulipia, uongo hatukuulipia.

Wengine watasema: hiyo ni mambo ya Wazungu, kwetu hakuna sheria. Uongo. Iko. Mwenzetu moja alisoma sheria. Alipata 14 ku 20 mu kozi ya mapatano, lakini siku ya kununua gari furaha ilimusahaulisha yote. Tulimwambia afungue tena kitabu. Dekre ya tarehe 30/07/1888 juu ya mapatano, yenye iko mu Kode sivile yetu mpaka leo, inasema hivi kwa maneno mepesi: muuzishaji anajibu juu ya ubovu wenye ulifichama, wenye unafanya kitu kisifae kwa kazi yenye kilinunuliwa. Anajibu hata kama hakuujua, isipokuwa mulipatana wazi kama hakuna garanti. Mununuzi anachagua: arudishe kitu na apewe feza yake, ao abakie nacho na arudishiwe sehemu ya bei. Na kama muuzishaji alijua ubovu, inaomba alipe pia hasara yenye ilitokea. Na kwa biashara kati ya wafanya biashara, kuna pia sheria za OHADA, zenye zilianza kutumika mu inchi yetu tarehe 12/09/2012.

Kwa hiyo garanti haiko neema ya kampuni ya inje. Iko mu kitabu chetu tangu mbele ya bababu zetu kuzaliwa. Kinakosa watu wa kuifungua.

Lakini sheria iko na meno mawili yenye yanauma mununuzi mwenye kulala. Ya kwanza: inaomba kudai haraka, mu wakati mufupi kisha kuvumbua ubovu. Ukizunguka mwaka muzima ukisema «tutaona», dawa inaisha nguvu. Ya pili: ile kasentensi kadogo chini ya karatasi ya malipo, «inauzishwa vile iko, bila garanti». Sisi tulitia sinyatire chini yake. Saba na diplome zetu, hakuna mwenye alisoma mustari wa mwisho. Avoka mumoja mwenye tulimuuliza alituambia tusikufe moyo: kama tunaweza kuonyesha kama muuzishaji alijua na akaficha, kesi inabadilika. Ile rangi mupya juu ya maganda ya kutu inasema kitu. Picha tuko nazo. Barua tuliandika, tukaipeleka, tukaomba mutu wao atie sinyatire kama aliipokea. Mpaka leo jibu halijafika. Tunajitayarisha kwenda mbele.

Sasa tunafika pale tunaona haya. Tungeweza kuiruka, lakini ukurasa huu haukuanzishwa kwa kujisifu.

Wakati fundi alituambia bei ya shasi ingine, tulikaa kimya. Shasi ya mutumba, kutoka ku gari yenye ilivunjika, inaomba feza yenye hatuna. Na inaleta shida ingine: namba ya shasi haitapatana na ile ya mu karte roze, na polisi wa barabara atakuuliza ile gari uliitoa wapi. Fundi wa sudire alijitoa kubandika vibati kwa dola 150. Alituambia mwenyewe kama haitadumu, juu sudire inaomba chuma nzima pembeni ya kushika, na pembeni yote ilikuwa biskuti.

Ni pale mwenzetu moja alisema, sauti ya chini: «Tubandike. Tupake rangi nyeusi. Tuiuzishe kwa watu wa vijijini, hawatajua.»

Hatutataja nani alisema ile. Angeweza kuwa yeyote wetu. Bamama wa likelemba walikuwa wanakuja kila siku ya kwanza ya juma kuuliza habari ya feza yao, na hawakuwa wanakuja kutania. Tulipiga kura. Watatu walikubali kuuzisha. Wane walikataa. Kura moja tu, bandugu. Kura moja tu njo ilitenga sisi na ule muuzishaji wetu. Na mwenye kupiga ile kura ya ine alisema kitu kimoja: «Ule mama mwenye alikuwa na mutoto mugongoni, ndiye atapanda juu yake tena.»

Tangu siku ile tulielewa namna hii uovu unatembea. Labda muuzishaji wetu naye aliuziwa rangi. Labda naye alikuwa na bamama wa likelemba ku mulango. Kila mutu anapakia mwenzake kutu na kufunga macho, mpaka inafika kwa mutu wa mwisho, mwenye hana mutu wa kumupakia. Ule wa mwisho ni mulimaji wa Kabongo, ao mama mwenye kukaa juu ya magunia. Garanti ya kweli ni wakati mutu mumoja mu ile mulolongo anasema: inasimama hapa, kwangu.

Kwa hiyo tunasema haya.

Kwa serkali na kwa ofisi zake. OCC ilianzishwa mwaka 1974 ili kuangalia ubora wa bidhaa. Tunaomba gari ya mutumba yenye kuingia mu inchi iangaliwe chini, kwa nyundo na taa, na hali ya shasi iandikwe ku karatasi yenye itafuata gari kwa kila mununuzi. Kontrole teknike yenye inaangalia makaratasi na kuacha chuma inahesabu kodi tu, haichunge maisha ya mutu. Na inaomba kuandika gari ilitoka inchi gani. Mutu mwenye ananunua mahindi anauliza ilitoka shamba gani, gari je?

Kwa makampuni yenye yanafanya gari. Munajua gari zenu zinamalizia maisha yao wapi. Munajua kabisa. Wakati munaita gari zirudi juu ya shasi, musiitie tu mwenye anakaa mu inchi mulimuuzishia. Garanti ifuate namba ya shasi, isifuate pasiporti ya mutu.

Kwa wauzishaji. Hatuko adui zenu. Tunajua ushuru, tunajua barabara, tunajua vizuizi. Uzisha gari mubovu kama gari mubovu, kwa bei ya gari mubovu, na tutakusalimia soko nzima.

Kwa sisi wenyewe, vijana, haya ni ya kushika mu kichwa mbele ya kutoa hata dola moja:

Enda na nyundo ndogo na tournevis. Gonga shasi yote, zaidi juu ya ekseli ya nyuma, pale resori zinashikwa, na pale gurudumu la akiba linafungwa. Kengele ni muzuri, katoni ni mubaya. Muuzishaji mwenye anakataza nyundo amekwisha kukujibu.

Angalia ndani ya shasi na taa ya simu, kupitia matundu yake. Inje wanapaka, ndani hawafike.

Rangi nyeusi mupya chini ya gari nzee: ogopa. Usifurahi kama sisi.

Soma namba ya shasi, alama 17. Ya kwanza inaonyesha gari ilifanywa wapi: J ni Japani, W ni Ujerumani, 1, 4 na 5 ni Marekani. Linganisha na karte roze, alama kwa alama. Makampuni mengi yanaacha mutu kutafuta ile namba bure ku intaneti, kuona kama gari iliitwa kurudi.

Kataa sentensi ya «vile iko, bila garanti». Andikisha yako: muuzishaji anahakikisha shasi haijaoza na haijabandikwa. Kama anakataa kuandika, umepata jibu bure.

Na kama ubovu unatokea: simamisha gari, piga picha, andika barua juma ile ile, pata sinyatire ya mwenye aliipokea. Usianze kubandika mbele ya kuonyesha. Ukibandika, umefuta ushahidi wako na mukono wako mwenyewe.

Wale watu wa Marekani hawakupata shasi mupya juu kampuni ilikuwa na roho muzuri. Waliipata juu walikuwa na karatasi, na juu walijihesabu. Mutu mumoja na tundu lake ni bahati mubaya. Watu elfu na matundu yao ni kesi. Sisi hapa hatujawahi kujihesabu. Kila mutu anaficha shasi yake kama ugonjwa wa haya.

Tunaanza kujihesabu. Kila siku ya posho asubuhi, tutakuwa pale magari ya muzigo yanapakia, na nyundo mbili na taa. Tutagonga bure, kwa dereva yeyote mwenye atakubali. Hatutapigia mutu polisi, hatutaandika namba ya gari ya mutu bila ruhusa. Tutahesabu tu: kengele ngapi, katoni ngapi. Na wewe mwenye ulinunua rangi kama sisi, leta picha zako na karatasi zako. Mwenzetu wa sheria atazisoma. Safari hii mpaka mustari wa mwisho.

Kamioneti yetu iko mu parsele ya mama ya mwenzetu, juu ya matofali. Kuku zinalala chini yake. Pembeni ya shasi tuliandika na chaki, herufi kubwa, «IMEOZA HAPA», na mushale. Dola 1,800 za bamama bado tunazidaiwa; tunabeba magunia ya watu wengine ku migongo yetu ili tuzilipe, na tutazilipa zote. Watu wawili walikuja kuuliza bei ya gari. Tuliwaonyesha mushale kwanza.

Sisi vijana wa Kamina, macho wazi na nyundo mukononi.